Kialama kidogo chaweza kuficha cheti cha mtoto wako

HUENDA, msomaji, umewahi kuketi mbele ya kompyuta ukitafuta barua au cheti ambacho una hakika ulikihifadhi humo, na mashine ikakujibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Unaandika jina upya, polepole, herufi kwa herufi. Jibu ni lile lile. Unaanza kumlaumu mtoto, kijana wa saiba, au hata virusi.

Mara nyingi hakuna aliyeiba wala aliyefuta. Faili ipo pale pale ulipoiweka. Kilichopotea ni njia ya kuifikia, na kilichoipoteza ni kialama kidogo kinachokaa juu ya herufi, au katikati ya herufi mbili, katika jina la faili hiyo. Jumapili hii tuzungumze juu ya vialama hivyo, kwa sababu hapa kwetu Kenya vimo katika majina ya nyumba nyingi kuliko tunavyodhani.

MJI WA MAJINA YA KILA NAMNA

Tuuchukue mji wa Naivasha uwe mfano wetu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, linalohusishwa na maji yanayochafuka, kwani ziwa lile hutulia asubuhi na kuvurugwa na upepo alasiri. Wageni walioliandika kwenye ramani zao waliandika walivyosikia, na ndivyo tunavyoliandika hadi leo. Teremka kidogo kuelekea Nairobi utafika Maai Mahiu, ambayo kwa Kikuyu sanifu ni Maaĩ Mahiũ, yaani maji moto. Vile vialama viwili ubao wa barabarani haunavyo.

Sasa nenda Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake, wanakoishi wengi wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Katika ploti moja utamkuta Mkikuyu, Mluo, Mkisii, Mluhya, Mkamba, Mkalenjin na Mturkana, wote wakichota maji kwenye mfereji mmoja. Ukiita majina yao utasikia Mũthoni, Njũgũna, Mũtua, Ng'ang'a, Kiplang'at, Nyang'au na Ong'ayo. Kila mmoja ana simu mkononi, na ndani ya simu hiyo mna picha za kitambulisho, kadi ya kliniki, stakabadhi za karo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Tuseme basi kuna msichana aitwaye Mũthoni Ng'ang'a. Jina hili nimelichagua kwa ajili ya mfano tu, simsemi mtu yeyote. Mama yake huchuma waridi. Msichana amemaliza kidato cha nne na kuna basari inayotolewa, lakini karatasi zote lazima zipelekwe kwa njia ya mtandao kabla ya saa kumi na moja jioni. Kaka yake aliye Nairobi anazo nakala. Anazipa kila moja jina la dada yake kwa ukamilifu, kama walivyofundishwa na nyanya yao, anazifunga zote katika furushi moja la zip na kulituma.

Huku Naivasha, kompyuta kuukuu ya saiba inalifungua furushi hilo na kuonyesha faili nne zinazoanza kwa M, kisha michoro kama ya ua wa seng'enge, kisha "thoni". Moja inakataa kufunguka. Kijana wa saiba anazibadilisha majina. Wanapojaribu kuzituma, fomu ya mtandaoni inasema jina la faili halikubaliki, kwa sababu ya ule mkato ulio katika Ng'ang'a. Ni saa kumi na nusu. Watu wengine wanangoja zamu yao, na dakika za saiba zinalipiwa.

Jambo dogo hilo? Kwa mwenye nafasi na pesa, ndiyo. Kwa mama anayengoja simu ya mwanawe langoni mwa shamba, si dogo hata kidogo.

KOMPYUTA HAIJUI HERUFI

Ili tuelewe kisa hiki, kwanza tukumbuke kwamba kompyuta haijui herufi. Inajua nambari tu. Kila herufi unayoiona kwenye kioo ni nambari iliyoandikwa mahali, na mashine ina orodha ya kuitafsiri. Nambari 97 ni a ndogo. Nambari 105 ni i. Nambari 117 ni u. Nawe ukilipa faili jina, unachohifadhi ni msururu wa nambari.

Orodha hiyo ya kwanza iliyoenea, iitwayo ASCII, ilitolewa Marekani mwaka wa 1963. Ilikuwa na nafasi 128 peke yake. Humo ziliwekwa herufi za Kiingereza, tarakimu, na alama za uandishi. Kiswahili kilibahatika, kwa kuwa maneno yetu karibu yote huandikika kwa herufi hizo. Wafaransa, Wajerumani na Wahispania hawakutoshelezwa, seuze watu wa Japani na Uchina.

Baadaye nafasi ziliongezwa zikafika 256, na kila eneo likatengenezewa orodha yake. Ile ya Ulaya Magharibi, iliyotoka mwaka wa 1987, ndiyo iliyosambaa katika kompyuta nyingi zilizoletwa hapa. Itazame vizuri. Mna ñ kwa ajili ya Wahispania. Mna ã na õ kwa ajili ya Wareno. Lakini kile kiwimbi hakikuwekwa juu ya i wala juu ya u, yaani mahali pale pale Mkikuyu, Mkamba, Mwembu na Mmeru wanapokihitaji.

Ajabu ni kwamba ĩ na ũ zilikuwamo katika orodha ya nne, ile iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Kaskazini mwa Ulaya. Kwa hivyo mtu wa Murang'a angeweza kuandika lugha yake sawasawa, mradi aiambie kompyuta kwamba yeye ni mtu wa pwani ya Baltiki. Nani angalijua hayo?

Zaidi ya hayo, kompyuta za wakati ule zilizotumia mfumo wa DOS zilikubali jina la faili lenye herufi nane pekee, kisha nukta, kisha herufi tatu. Cheti cha kuzaliwa cha Mũthoni kingeitwa MUTHCHET au kitu kama hicho. Ni Windows ya mwaka wa 1995 iliyowaletea watu wa kawaida majina marefu ya kufikia herufi 255. Watu wakafurahi, wakaanza kuandika majina kamili. Hapo ndipo vialama vilipoanza kuingia katika majina ya faili, na taabu ikaingia navyo.

KIWIMBI SI PAMBO

Yamkini kuna atakayesema kwamba kiwimbi hicho ni madoido, na kwamba hata bila kukiandika tunaelewana. Hebu tutazame.

Kikuyu kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Herufi tano za Kilatini hazikutosha, na ndiyo sababu i na u zikavikwa kiwimbi ili kupata ĩ na ũ, ambazo ni sauti nyingine kabisa. Gũtũma ni kutuma, kama kumtuma mtoto dukani. Gũtuma ni kushona au kufuma, kama mama anavyofuma kiondo. Kiwimbi kimoja kinamtenganisha anayetumwa na anayefuma. Kikamba nacho kina irabu saba na hutumia vialama hivyo hivyo.

Anayejua thamani ya vialama hivi ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 28, 2025. Alipoamua kuandika kwa lugha ya mama, riwaya yake ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka wa 1980, aliianza akiwa kizuizini Kamiti kwa kuandika kwenye karatasi za chooni. Kalamu haikumsumbua kuhusu kiwimbi. Jina lake mwenyewe lina viwimbi viwili na mkato mmoja, na ni mtihani mzuri wa kompyuta yoyote. Hifadhi faili yenye jina hilo, ihamishe kwa njia mbovu, nawe utaona Ngũgĩ amegeuka kuwa NgÅ©gÄ©.

ORODHA MOJA YA DUNIA NZIMA

Dawa ya fujo hii ilianza kupatikana mwaka wa 1991, ilipotolewa orodha mpya iitwayo Unicode. Nia yake ilikuwa kuipa kila herufi ya kila lugha duniani nambari yake isiyogongana na nyingine. Humo ĩ ina nambari 297, na ũ ina nambari 361. Hatukupigania nafasi hizo peke yetu. Wavietnamu, ambao maandishi yao ya Kilatini yalianzishwa na wamisionari wa Kireno na wenzao katika karne ya 17, nao wana ĩ na ũ. Kwao kiwimbi huonyesha toni. Kwa hiyo mkulima wa Kinangop na mkulima wa Vietnam wanachangia herufi mbili bila kujuana.

Mwaka uliofuata, 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni njia ya kuzihifadhi nambari hizo, nayo ni UTF-8. Herufi za kawaida za Kiingereza huchukua nafasi moja, yaani baiti moja. ĩ na ũ huchukua baiti mbili. Njia hiyo leo ndiyo inayotawala katika mtandao.

Sasa utaelewa yaliyompata Ngũgĩ. Kompyuta moja iliandika ũ kwa baiti mbili. Nyingine, inayosoma kwa orodha ya zamani ya Ulaya, ikazichukua baiti hizo kuwa herufi mbili tofauti, Å na ©. Mashine haikukosea hesabu. Ilisoma barua sahihi kwa kamusi isiyo yake. Wajapani waliteseka na jambo hili mapema mno hata wakalipa jina, mojibake, nalo sasa linatumiwa na mafundi wa nchi nyingi.

Na lile furushi la zip? Zip ni ya tangu mwaka wa 1989, na majina yaliyomo yalihesabiwa kwa orodha ya kompyuta za IBM za wakati huo, ambayo ilikuwa na michoro ya mistari na kona. Kanuni za zip zilipanuliwa mwaka wa 2006 ili kuruhusu UTF-8, lakini programu za zamani bado zimo katika mashine nyingi za saiba na ofisi. Ndizo zinazomgeuza Mũthoni kuwa M┼⌐thoni. Huo ndio ua wa seng'enge tuliouona.

SURA MOJA, MAANDISHI MAWILI

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi. Unicode inakubali ũ iandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi moja nzima, nambari 361. Ya pili ni u ya kawaida, nambari 117, ikifuatwa na kiwimbi pekee, nambari 771, ambacho hupanda juu yake. Machoni pako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili.

Mfano wake ni pacha wawili waliovaa sare moja. Mwalimu haoni tofauti, lakini kila mmoja ana nambari yake ya usajili. Katika Windows na Linux unaweza kuwa na faili mbili katika folda moja, zote zikisomeka Mũthoni, moja ina cheti na nyingine ni tupu. Ukifuta moja ukidhani umeondoa nakala ya ziada, omba Mungu uwe umefuta ile tupu.

Kompyuta za Apple zilizotumia mfumo wa mwaka wa 1998 zilikuwa na tabia ya kuvitenga viwimbi na herufi zake kila faili ilipohifadhiwa. Windows huliacha jina kama ulivyoliandika. Faili iliyotoka kwa Apple ikifika katika mashine nyingine, jina laonekana salama, lakini ukilitafuta kwa kibodi yako huenda usilipate. Mfumo mpya wa Apple wa mwaka wa 2017 ulirekebisha mambo kwa kuzihesabu namna hizo mbili kuwa jina moja. Hata hivyo faili za zamani bado zinazunguka katika vihifadhi vyetu. Programu nyingine za kutafuta huvumilia tofauti hii, nyingine hazivumilii.

RITIFAA INATUGUSA SOTE

Kama wewe hutoki maeneo ya Mlima Kenya wala Ukambani, huenda umesoma hadi hapa ukisema hayo si yako. Ngoja kidogo. Ule mkato wa ng', ambao walimu wetu wa Kiswahili huuita ritifaa, ni wetu sote. Umo katika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa. Umo katika Kiplang'at wa Kericho, Nyang'au wa Kisii, Ong'ayo wa Siaya na Ng'ang'a wa Gilgil. Bila ritifaa, sauti ni nyingine.

Ritifaa ya kibodi ni kijiti kilichosimama wima, nambari 39, nayo ilikuwamo tangu orodha ya mwaka wa 1963. Ungedhani haina matata. Lakini programu za kuandikia, kama Word, hupenda kuibadilisha kuwa mkato uliopinda, ’, ambao ni nambari 8217. Simu nyingi nazo hufanya hivyo zenyewe bila kukuuliza. Kuna na mkato wa tatu, ʼ, nambari 700, ambao wataalamu wa lugha huupendelea kwa kuwa umehesabiwa kuwa herufi kamili. Wengine nao, wakikosa ritifaa, hubonyeza ule mkato mwingine ulio pembeni mwa kibodi, `, ambao ni nambari 96.

Basi Ng'ang'a mmoja anaweza kuhifadhiwa kwa namna nne, na hiyo ni kabla hujamfikia karani aliyechoka anayeandika Nganga. Karibu kila familia inamjua mtu aliyelazimika kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba Ng'ang'a wa kitambulisho na Nganga wa cheti cha shule ni mtu mmoja. Kompyuta haikuanzisha ugonjwa huo. Imeurithi, ikauongezea kasi.

Tena, kwa waandishi wa programu, ritifaa ya wima ni alama ya kufungua na kufunga maneno. Programu iliyoandikwa kwa uvivu ikikutana nayo katikati ya jina hudhani jina limekwisha, ikakwama. Ndipo waliotengeneza fomu wakaona rahisi kuikataza kabisa. Anayelaumiwa na fomu ni Ng'ang'a, kwamba jina lake "halikubaliki". Lakini kosa si lake. Jina lake lilikuwapo kabla ya fomu, na kabla ya kompyuta yenyewe.

JE, TUVIACHE?

Wako wanaosema suluhisho ni kuacha vialama vyote. Andika Muthoni Nganga, wasema, na maisha yaendelee. Katika jina la faili linalokwenda ofisi usiyoijua mashine zake, sina ugomvi nao. Mtu akivuka mto wenye mamba huvua viatu bila kuona haya.

Lakini kuna tofauti kati ya kuvua viatu na kuvitupa. Ndani ya hati yenyewe, katika ratiba ya mazishi ya babu, katika kitabu cha ukoo, katika nyimbo za kwaya zilizorekodiwa na masimulizi ya nyanya uliyoyanasa kwa simu, jina liandikwe lilivyo. Mjukuu atakayefungua faili hizo baada ya miaka arubaini hatakuwa na wa kumuuliza jinsi jina lilivyotamkwa. Kile kiwimbi kitakuwa ndiye mwalimu wake wa pekee.

Na kwa vijana wetu wanaojifunza kuunda programu, maana wako wengi, nawaomba neno moja. Uwezo upo tangu miaka ya 1990. Hifadhini kwa UTF-8, yaunganisheni yale maandishi mawili ya herufi moja kabla ya kuyalinganisha, na kanuni zake Unicode imeshaziandika. Jaribuni kazi yenu kwa jina la Mũthoni Ng'ang'a kabla ya kuileta kwa umma. Fomu iliyotengenezwa Kenya ikilikataa jina la Mkenya ni aibu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Hadi hapo watakapofanya hivyo, tujisaidie wenyewe. Haya ni mambo yasiyohitaji fundi.

Kwanza, nyumba nzima ikubaliane namna moja ya kuandika jina la kila mtu katika faili, na mwandike kwenye daftari. Kwa karatasi zinazotumwa ofisini, tumia herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu. Mathalan: muthoni-nganga-cheti-cha-kuzaliwa. Jina kamili lenye vialama litakuwamo ndani ya cheti.

Pili, tarehe isiandikwe kwa mkwaju. Windows inakataa alama tisa katika jina la faili, nazo ni \ / : * ? " < > na |. Ukiandika 12/4 mashine hudhani unataja folda. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2025-04-12. Ukifanya hivyo faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano.

Tatu, faili ikipotea usianze kwa jina zima. Tafuta kipande kisicho na kialama. Katika Windows andika *thoni* nawe utampata Mũthoni wa kila namna, hata aliyegeuzwa seng'enge. Ikishindikana, zipange faili kwa tarehe na uitazame siku uliyoihifadhi.

Nne, usifute faili eti kwa sababu jina lake limeharibika. Jina ni kibandiko cha nje, na mara nyingi yaliyomo ni mazima. Toa nakala kwanza, kisha badilisha jina la nakala.

Tano, ukifunga karatasi katika zip, lifungue furushi hilo kwenye mashine nyingine kabla ya kulituma. Na usingoje siku ya mwisho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sita, kwa wale wanaotaka kuandika ĩ na ũ kwa usahihi: katika Word, andika 0129 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja, utapata ĩ. Ukiandika 0169 utapata ũ. Ukiwa na kibodi ya Kivietnamu ya aina ya Telex, andika i kisha x, au u kisha x, na kiwimbi kitapanda chenyewe. Wavietnamu hawatakudai chochote.

Tukirudi kwa mfano wetu, msichana wetu alikuwa na nusu saa. Kijana wa saiba akijua haya, ataondoa ritifaa katika majina ya faili nne, ataiomba Nairobi faili moja iliyokataa kufunguka itumwe peke yake bila zip, na karatasi zitaondoka saa kumi na dakika hamsini. Asipojua, msichana atarudi nyumbani Karagita na jibu kwamba jina lake ndilo lililomponza.

Leo jioni, kabla ya chakula, mwite mtoto anayeijua kompyuta au simu ya nyumbani, mfungue pamoja ile folda yenye vyeti vya familia. Soma majina ya faili moja baada ya jingine. Lile lisilosomeka, lirekebisheni leo, siku ambayo hakuna ofisi inayowangoja. Jumapili njema.